Mtafiti wa ajali aanzie kwenye kitabu cha mochwari

Mwaka 2016 polisi wa Tanzania walihesabu watu 3,256 waliokufa katika ajali za barabarani. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2018, likakadiria vifo vya mwaka huohuo kuwa 16,252. Kenya nako ni vilevile: taarifa rasmi 2,965, makadirio 13,463. Tasnifu nyingi za uzamili kuhusu ajali hupachika namba za namna hii ukurasa wa kwanza, moja baada ya nyingine, kisha mwandishi anaendelea na safari yake. Kwa Tanzania pekee, watu 12,996 wamepotea kati ya sentensi mbili, na hakuna anayewatafuta.

Hapo ndipo mafunzo ya watafiti chipukizi wa usalama barabarani yanapoharibikia. Kijana anafundishwa programu ya takwimu kabla hajaona takwimu inavyozaliwa. Regresheni anaiendesha vizuri, lakini ukimuuliza nani aliandika "1" kwenye safu ya vifo, akiwa wapi na kwa kazi gani, anatazama dari. Na ile 16,252 yenyewe haikutokana na maiti zilizohesabiwa. Ni zao la modeli ambayo WHO huitumia kwa nchi ambazo usajili wake wa vifo haujakamilika. Tuna hesabu pungufu upande mmoja, makadirio upande mwingine, na kijana katikati anazitumia zote mbili kama pambo la utangulizi.

Chukua kifo kimoja na ukifuatilie. Saa mbili usiku, Kimara Stop Over, daladala aina ya Coaster inagonga bodaboda. Abiria wa bodaboda anapakiwa kwenye bajaji na wasamaria, anakimbizwa hospitali. Trafiki anapofika, majeruhi keshaondoka. Askari anapima, anachora mchoro, anaandika "majeruhi mmoja". Ndugu wanafuata kituoni PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali. Mgonjwa anapewa rufaa, anafanyiwa upasuaji, na siku ya kumi na mbili anafariki wodini. Kwa kanuni ya kimataifa huyu ni kifo cha ajali ya barabarani, kwa kuwa amefariki ndani ya siku 30. Lakini kama hakuna aliyerudisha habari kituoni, kwenye daftari la trafiki ataendelea kuwa majeruhi mpaka karatasi iliwe na mchwa.

Hospitali nayo ina yake. Daktari wa zamu anaandika chanzo cha kifo: jeraha la kichwa. Amesema kweli, ila hajasema kilichomgonga. Katika ICD-10, mfumo wa WHO wa misimbo ya magonjwa na vyanzo vya vifo, abiria wa pikipiki aliyegongwa na basi barabarani ana msimbo wake kamili, V24.5. Usipoandikwa kwamba alikuwa kwenye bodaboda, karani wa kumbukumbu hana la kufanya ila kumtupia kwenye V89.2, kapu la "ajali ya chombo cha moto isiyoainishwa". Mtu mmoja, kumbukumbu mbili, na hakuna kati yake inayosema kwamba abiria wa bodaboda ameuawa na daladala.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa mafunzo, kompyuta ibaki kwenye begi. Kijana apewe mafaili 50 ya ajali yaliyokwisha kufungwa, akae nayo kituoni mbele ya askari mwenye kazi hiyo, ayajaze upya kwa mkono kwenye fomu tupu. Kisha alinganishe safu kwa safu na kile kilichoingizwa kwenye jedwali la mkoa. Atagundua mambo ambayo hakuna mhadhara unaoyafundisha. Sehemu ya "mahali" imeandikwa kwa majina ya watu wa pale: kwa fulani, kona ya mwembe, kituo cha zamani. Mwembe ulishakatwa, kituo kilishahamishwa barabara ilipopanuliwa. Umri mwingi unaishia na sifuri au tano, kwa sababu ulikisiwa. Saa nyingi ni kamili, saa moja, saa mbili, kwa sababu iliyoandikwa ni ile ambayo askari aliambiwa.

Halafu kuna safu ya "chanzo". Hii ndiyo mama wa zile takwimu zinazosomwa kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, kwamba sehemu kubwa ya ajali zetu husababishwa na makosa ya kibinadamu. Fomu inataka chanzo kimoja. Anayeijaza ni askari anayeandaa mashtaka, na mahakamani hushtakiwa mtu. Tuta lisilo na rangi wala kivuko kisicho na taa havisimamishwi kizimbani. Ndiyo maana "uzembe wa dereva" unajaa safu nzima. Kijana asiyejua hili atachukua safu hiyo, atachora chati ya duara, atahitimisha kwamba elimu kwa madereva ndiyo dawa. Amepima namna fomu inavyojazwa, akadhani amepima barabara.

(Kutoka hapo huzaliwa lile jeshi la tafiti za "maarifa, mtazamo na tabia za waendesha bodaboda": dodoso 384 na majibu ambayo kila mtu anajua yalivyotakiwa kuwa. Hakuna bodaboda atakayekiri mbele ya karatasi kwamba hafungi kamba ya helmeti. Dodoso hilo lingepumzishwa kwa miaka mitano, elimu yetu isingepungukiwa kitu.)

Baada ya mafaili, kazi ya pili ni kuoanisha orodha. Mbinu yake wavuvi wataielewa haraka kuliko wachumi: unavua samaki, unawatia alama, unawarudisha ziwani, unavua tena, unaangalia wangapi wana alama. Hapa orodha ya polisi ni mvuo wa kwanza, kitabu cha mochwari ni wa pili. Tuseme kwa wilaya moja polisi wana vifo 120, mochwari ina 150, na waliopo kwenye orodha zote mbili ni 60. Unazidisha 121 kwa 151, unagawa kwa 61, unatoa moja: vifo vyote vinakadiriwa kuwa kama 299. Polisi waliona asilimia 40 tu ya vifo hivyo.

Sehemu ngumu iko kwenye ile 60. Polisi wameandika Mohamed Saidi, miaka 30. Mochwari imeandika Mudi Seif, miaka 34. Au imeandika tu "mwanaume, hajatambuliwa". Ni mtu mmoja au wawili? Kijana mwenye haraka akikosa kuoanisha 15, ile 60 inakuwa 45, na makadirio yanaruka kutoka 299 hadi 396. Karibu vifo mia moja vimezuka kwa tahajia. Kanuni ya kuoanisha lazima iandikwe kabla orodha hazijafunguliwa: jinsia iwe ileile, tarehe zisipishane zaidi ya siku kadhaa (siku 30 kwa aliyelazwa), umri usitofautiane zaidi ya miaka mitano, jina lilinganishwe kwa sauti badala ya herufi. Watu wawili waoanishe kila mmoja kivyake, ndipo wakutane kubishana juu ya zile walizotofautiana.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wa kwetu hasa. Hesabu ile inadai kwamba kuingia orodha moja kusiathiri kuingia nyingine. PF3 inavunja dai hilo, kwani polisi na hospitali wanapelekeana watu. Aliyeandikwa kituoni ana nafasi kubwa zaidi ya kuandikwa hospitali, wanaooana wanakuwa wengi kuliko kawaida, na makadirio yanashuka chini ya ukweli. Kijana aliyeshika PF3 mkononi ataliona hilo mwenyewe. Aliyeisoma mbinu kwenye kitabu cha nje ataliweka kwenye aya ya "mapungufu ya utafiti" bila kujua linasukuma namba upande gani.

Majina ya marehemu si mchezo, lakini. Kabla ya kugusa kitabu kile kunahitajika kibali cha maadili, ambacho kwa utafiti wa afya ngazi ya taifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika. Majina yakishatumika kuoanisha, yaondolewe kwenye jedwali. Ufunguo wa namba na majina ukae kwenye faili jingine, kompyuta nyingine. Barua ya chuo peke yake haifungui mlango wa mochwari. Kuna ya mkoa, ya wilaya, na ya mganga mfawidhi, na kila moja ina siku zake. Mpango wa mafunzo usiotenga angalau miezi mitatu ya vibali umepangwa na mtu ambaye hajawahi kuvitafuta.

Ukishatoka kwenye karatasi, nenda barabarani na tochi, kile kipima kasi cha mkononi cha trafiki. Kasi ndicho kitu kinachopimika kwa bei nafuu kuliko vyote katika fani hii, na ndicho kinachopimwa vibaya zaidi. Tochi husoma kasi ya kitu kinachokuja moja kwa moja kuelekea kwako. Ukisimama pembeni, inasoma kasi halisi mara kosini ya pembe. Kwa pembe ya nyuzi 10 unapoteza asilimia 1.5, si neno. Kwa nyuzi 20 unapoteza asilimia 6: gari la kilomita 60 kwa saa linasomeka 56. Sasa weka hilo kando ya modeli ya Nilsson wa Sweden, ambayo kwa ufupi inasema ajali zenye vifo hubadilika kwa kipeo cha nne cha mabadiliko ya kasi ya wastani. Kasi ikishuka asilimia 5, ajali za vifo zinashuka kama asilimia 18 au 19. Yaani kijana aliyesimama nyuzi 5 kabla ya matuta kujengwa, na nyuzi 20 baada ya kujengwa, anaweza "kuokoa" maisha ya watu kwa kusogeza kiti chake tu. Pembe iandikwe kwenye fomu, mahali pa kusimama papigwe rangi, na picha ipigwe.

Kosa la pili ni uchaguzi. Mwenye tochi mkononi humulika gari linalovuma. Hata asipokusudia, mkono unakwenda wenyewe. Dawa ni kanuni isiyo na huruma: kila gari la tano linalopita mstari fulani, liwe lori la mchanga au gari la mkuu. Tena yahesabiwe magari huru tu, yaliyoachana na la mbele kwa sekunde nne au zaidi, maana gari lililo nyuma ya lori linapima kasi ya lori. Idadi haihitaji uganga: kama kasi zinatawanyika kwa mkengeuko sanifu wa kilomita 8 kwa saa na unataka wastani usikosee zaidi ya kilomita 1.5, zidisha 1.96 kwa 8, gawa kwa 1.5, piga kipeo cha pili. Jibu ni 109.3, yaani magari 110 kwa kila aina ya chombo, kila mahali, kila muda. Wengi hurudi na 40 mchanganyiko.

La tatu kila dereva wa nchi hii analijua. Ukionekana na tochi, wanawashiana taa. Ndani ya dakika chache kasi ya barabara nzima imeshuka na wewe unapima woga. Koti la kung'aa linakulinda usigongwe na papo hapo linakutangaza kuwa askari. Njia inayofaa ni kukaa mbali kabisa na ukingo wa lami, nyuma ya kizuizi cha chuma au ndani ya gari lililoegeshwa nje ya barabara kihalali, wawili wawili, mmoja akipima na mwingine akiandika na kuangalia usalama. Kusimama begani mwa barabara usiku kusiruhusiwe kwa yeyote, hata kama tasnifu inadai kasi ya usiku. Kwa usiku tumia kamera juu ya daraja la waenda kwa miguu. Ukiona taa zinawashwa, funga daftari, rudi siku nyingine.

Kuhesabu helmeti kunaonekana rahisi kuliko kasi na kunadanganya zaidi. Weka vijana wawili sehemu moja, waangalie pikipiki zilezile bila kusemezana. Wakirudi wamekubaliana kwa asilimia 90, wanashangilia. Lakini kama wote wawili wanaandika "amevaa" kwa asilimia 85 ya madereva, wangekubaliana kwa bahati tu kwa asilimia 74.5. Kipimo cha kapa, kinachoondoa makubaliano ya bahati, kinatoka 0.61, cha wastani tu, na ugomvi wote umejificha kwenye wachache wasiovaa, ambao ndio uliowaendea. Ukichunguza utakuta mmoja alihesabu helmeti iliyokaa kichwani bila kufungwa kamba, mwingine hakuihesabu. Fafanua kamba kwanza. Na abiria awe na safu yake. Asichanganywe na dereva hata siku moja.

Uchambuzi uje baada ya haya, na somo lake kubwa kuliko yote ni kurejea kwenye wastani. Halihitaji umeme. Darasa la watu 36, kila mmoja ni makutano ya barabara. Kila mtu arushe dadu mbili. Jumla ndiyo ajali zake za mwaka. Wenye 10 au zaidi, ambao kwa kawaida watakuwa kama sita, watangazwe "maeneo hatarishi" na wabandikwe kibandiko kifuani: kibao kipya cha onyo. Warushe tena. Wastani wao wa mwanzo ulikuwa karibu 10.7, wa pili utaangukia jirani na 7. Punguzo la asilimia 34, na kilichofanyika ni kubandika karatasi. Mtu aliyerusha dadu hizo hawezi tena kusoma kwa utulivu taarifa kwamba "baada ya vibao kuwekwa katika maeneo kumi yenye ajali nyingi, ajali zimepungua kwa theluthi".

Ezra Hauer, mtafiti wa usalama barabarani wa Kanada, alionyesha zamani njia ya kulirekebisha hili kwa mbinu ya Bayes: kuchanganya ajali za mahali penyewe na wastani wa maeneo yanayofanana napo. Kama makutano yako yameandika ajali 14 kwa miaka mitatu, yanayofanana nayo yana wastani wa 6, na kwa kigezo cha mtawanyo cha 0.5 uzito wa wastani huo ni 0.25, basi makadirio sahihi ya hali ya mwanzo ni 12. Zikipungua hadi 9, umepunguza robo. Aliyeanzia kwenye 14 atadai zaidi ya theluthi. Tatizo ni kwamba mbinu hii inataka hesabu nzuri za magari katika makutano mengi yanayofanana, na barabara nyingi za wilaya hazina. Kwa mtafiti anayeanza ni heri mahali pa kulinganishia, pachaguliwe kabla ya ujenzi, kuliko hesabu maridadi juu ya msingi wa kukisia.

Mfano mzuri wa hilo uko Dar es Salaam. Mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, unaojenga njia za miguu, vivuko na matuta kuzunguka shule, ulipopimwa haukutegemea daftari la polisi. Watoto wengi wanaogongwa njiani kwenda shule hawafiki kwenye daftari lolote. Wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba katika maeneo ya shule 18, tisa zenye mradi na tisa zisizo nao, kabla na baada. Majeraha yalipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya majiji ya WRI Ross, watu wakashangilia. Kwa mwalimu wa utafiti, kilicho cha thamani zaidi ni uamuzi ule wa awali: kujua kwamba chanzo cha kawaida cha takwimu hakioni unachotafuta, na kulipa gharama ya kwenda kugonga milango.

Nani afundishe haya? Hapa vyuo vyetu vimegawana mwili wa maiti. Mhandisi anajua upana wa bega la barabara na hajawahi kuingia wodi ya mifupa. Daktari anapanga majeruhi kwa Alama ya Kampala, kipimo cha ukali wa majeraha kilichobuniwa Uganda kwa hospitali zisizo na vifaa vingi, na hajui kwa nini tuta la milimita 100 likiwa fupi mno linavunja springi za daladala bila kupunguza kasi ya bodaboda. Kijana awe na wasimamizi wawili, mmoja kila upande, na wa tatu awe askari wa trafiki mwenye uzoefu, alipwe posho ya haki kama mkufunzi. Kumwita "mdau" na kumpa soda hakumfanyi akueleze kwa nini safu ya saa imejaa namba kamili.

Matokeo yaandikwe mara mbili: makala ya jarida, na kurasa mbili za Kiswahili kwa mhandisi wa TANROADS au TARURA mwenye barabara ile, zikiwa na kilomita kamili, picha na kipimo. Msimamizi akubali kusaini za jarida pale tu zile mbili zitakapokuwa zimefika.

Lililobaki ni dogo na ndilo husahaulika. Mwanafunzi akihitimu anaondoka na kompyuta yake, na kila kitu kinaondoka naye: tafsiri ya misimbo, kanuni ya kuoanisha, mahali pa kusimama. Anayefuata anaanza upya kwenye makutano mengine, mwezi mwingine, na vipimo viwili havilinganishiki. Kabla cheti hakijatoka, faili likabidhiwe: jedwali lisilo na majina, fomu tupu, maelezo ya kila safu, ramani ya vituo kumi na viwili vya kupimia, pembe ya tochi kwa kila kimoja, siku, saa na hali ya hewa. Mwezi wa tisa ukirudi, mtu mwingine akae palepale penye rangi, aelekeze tochi kwa nyuzi zilezile, na ahesabu kila gari la tano.